Ami hataki tujiunge na jumuiya ya wasambazaji wa dawa. Nifanyeje?

Assalaam alaykum, Mzee wetu wa safu hii.

Mimi ni mfamasia, nipo Chake Chake. Nilipomaliza masomo nilirudi nyumbani kusimamia duka la dawa la jumla la Ami yangu, mdogo wa marehemu baba. Duka hilo ndilo lililotusomesha mimi na ndugu zangu, kwa hivyo nikisema neno juu ya Ami naomba lisichukuliwe kuwa ni dharau. Tunauzia famasi na maduka ya dawa baridi kuanzia Mkoani mpaka Konde, pamoja na zahanati chache za watu binafsi. Mzigo wetu mkubwa tunauchukua kwa waagizaji wa Unguja na Dar es Salaam. Ukishuka bandarini Mkoani tunaufuata kwa gari.

Hivi karibuni walitufikia wafanyabiashara wawili kutoka Mjini, wanatafuta wanachama wa jumuiya ya wasambazaji wa dawa. Kiingilio laki moja na nusu, ada laki tatu kwa mwaka. Walitaja mafunzo, kusemewa serikalini, punguzo kwa kuagiza pamoja, na kupashana habari za dawa mbovu. Mimi moyo wangu ulikubali pale pale. Ami aliwapa kahawa na tende, akawasikiliza mpaka mwisho, na walipoondoka akasema hapana.

Anasema ushirika tuliuona zamani, watu walichanga na waliokula ni viongozi. Anasema hao ni washindani wetu, wanachotaka ni kujua tunauza nini na tunamuuzia nani. Anasema Pemba tutaitwa siku ya kuchanga tu, mikutano itafanywa Unguja na faida zitabaki huko huko. Leseni tunayo, tunakaguliwa, kodi tunalipa, sasa jumuiya ya nini?

Mimi nina yangu yanayoniuma. Mwaka jana tuliletewa dawa za sindano zinazotakiwa kukaa baridi. Chombo kilichelewa na boksi likafika barafu yake imeshayeyuka zamani. Aliyetuuzia alikataa kuzirudisha, akasema mzigo ukishatoka mlangoni kwake si wake tena. Hasara ilikuwa yetu na sikuwa na wa kumlalamikia. Pili, nina katoni za dawa zilizoisha muda, nimezifunga na kuziandika, zinangoja kuteketezwa, na gharama yake kwa duka moja ni kubwa. La tatu ndilo lililonitia haya. Dawa moja iliamriwa iondolewe sokoni, na mimi, msambazaji, nilipata habari kwa mteja wangu wa Wete aliyeiona kwenye simu yake.

Kuna jambo jengine. Mmoja wa wale wageni alimvuta Ami pembeni akamwambia tukiwa wanachama "tutapanga bei tusiuane". Hilo peke yake ndilo Ami alilolipenda. Mimi ndilo lililonipa wasiwasi kuliko yote.

Sitaki kumvunjia heshima mzee wangu, wala sitaki nimshawishi halafu maneno yake yakatimia. Nishauri.

Mshika funguo za stoo, Chake Chake

*

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Barua yako ina suala la biashara na suala la nyumbani. Nitaanza na la biashara, kwa sababu hilo likikaa sawa, la nyumbani halitakuwa zito sana. Jawabu langu ni kuwa mjiunge, baada ya kuichunguza hiyo jumuiya. Na lile neno alilolipenda Ami lisiwe miongoni mwa sababu zenu hata chembe.

Katika yote uliyoandika, lililonishughulisha zaidi ni la yule mteja wa Wete. Umeliita haya. Mimi naona ni hatari, na ndiyo sababu ya kwanza ya watu wa kazi yenu kuwa na chombo chao. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia, za kikohozi na mafua. Ndani yake mlikuwa na dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali zinazoharibu figo. Watoto zaidi ya 60 walikufa. Miezi michache baadaye zikaja tahadhari kama hiyo za Indonesia na Uzbekistan. Dawa zile zilikuwa kwenye chupa zenye lebo na namba ya toleo kama dawa nyengine yoyote, na zilipita mikononi mwa watu wa biashara kabla ya kufika kwa mama aliyemnywesha mwanawe. Shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2017 kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kiasi cha bidhaa moja ya tiba katika kila kumi ni duni au bandia. Fikiria stoo yako ina aina ngapi za dawa, halafu uangalie tena hesabu hiyo.

Sasa tazama habari inavyosafiri kwetu. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, ukishatoa amri ya kuondoa dawa sokoni, amri hiyo inatakiwa imfikie mtu aliyeshika funguo, iwe stoo yako au kijiduka cha Konde ambacho mwenyewe kenda shamba. Tangazo la redioni halitoshi, kwa sababu redio haimuulizi mtu kama kasikia. Jumuiya inayofanya kazi huwa na orodha ya simu za washika stoo wote, si za wenye maduka peke yao, na huwa na mtu mmoja ambaye kila asubuhi kazi yake ni kupitia taarifa za ZFDA, za TMDA, mamlaka ya dawa ya Bara, na za Shirika la Afya Duniani. Likitokea la kutokea, anapeleka ujumbe wenye jina la dawa, kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na kila mwanachama analazimika kujibu siku ile ile: ninayo, kiasi fulani, nimeitenga, au sina. Aliyekaa kimya anapigiwa simu. Jambo hili halihitaji fedha nyingi, linahitaji utaratibu, na duka moja haliwezi kuujenga peke yake kwa sababu faida yake inapatikana pale wote wanapokuwemo.

Kwa hivyo, hao wageni wakirudi, swali lako la kwanza liwe hili: tahadhari ya mwisho mliyowapelekea wanachama ilikuwa ya dawa gani, na wangapi walijibu siku hiyo? Wakiwa na jawabu, umepata jumuiya. Wakianza kukueleza mipango ya baadaye, umepata watu wenye nia njema, nayo si vibaya, lakini ada ya laki tatu isubiri kidogo.

La dawa zilizopata joto linanigusa, kwani nilikuwa na duka Mjini wakati Unguja ilipokaa bila ya umeme kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Vijana wengi leo hawalikumbuki giza lile. Hospitali na mahoteli walikuwa na majenereta yao, sisi wauza dawa kila mtu na lake. Insulini inataka nyuzi joto kati ya 2 na 8. Waliokuwa na jamaa mwenye jenereta walimpelekea vikasha vyao, kila kimoja kimeandikwa jina la mwenyewe, na kipimajoto kikasomwa asubuhi na jioni na kuandikwa daftarini. Waliokuwa hawana jamaa wa namna hiyo walinunua barafu ya samaki. Wewe ni mfamasia, unajua mwisho wake: insulini iliyogusana na barafu ikaganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana safi kama maji. Mali ilitupwa, na wagonjwa wa sukari wakawa wanazunguka mji mzima kutafuta chupa moja iliyo salama. Kilichookoa dawa wakati ule ni urafiki. Jumuiya kazi yake ni kuhakikisha kuwa asiye na rafiki naye ana pa kupeleka mzigo wake, kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla ya umeme kukatika: jenereta la nani, friji la nani, kwa malipo gani, nani anasoma kipimajoto.

Pemba mlipata waya wa baharini kutoka Tanga mwaka huo huo wa 2010, na alhamdulillah hali ni nyengine. Lakini bahari iko pale pale. Mzigo unatoka Dar es Salaam, unakaa bandarini, unapakiwa, unashuka Mkoani juani, unapakiwa tena kwenye gari na kupanda vilima mpaka Chake. Kila anayeupokea anaweza kusema joto halikuingia kwangu. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, ikipigwa na joto hupoteza nguvu, lakini rangi yake haibadiliki wala harufu haitoki. Mkunga wa Micheweni atamchoma sindano mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, na damu isikatike. Hapo hakuna atakayekumbuka boksi lililokaa gatini.

Aliyekukatalia kurudisha mzigo alikuwa na nguvu juu yako kwa sababu mlikuwa wawili tu, yeye na wewe, na wewe unamhitaji zaidi kuliko anavyokuhitaji. Wasambazaji wakikaa pamoja wanaweza kuandika mkataba mmoja wa kupokea dawa za baridi: ndani ya kila boksi kiwemo kifaa kidogo cha kurekodi joto, mpokeaji akisome mbele ya aliyeleta, joto likiwa limevuka kiwango, mzigo usipokelewe na hasara iwe ya aliyekuwa nao wakati ule. Muuzaji mkubwa wa Dar anaweza kumpuuza mnunuzi mmoja wa Chake Chake. Waraka alioletewa na wanunuzi wake wote wa visiwani ataufikiria mara mbili. Na panapotokea ugomvi, jumuiya iwe na kamati ya kusikiliza pande zote kabla watu hawajakimbilia mahakamani. Kamati hiyo hiyo inaweza kutengeneza waraka wa mali kauli, maana najua maduka mengi ya Pemba yanachukua dawa kwa ahadi ya kulipa msimu wa karafuu, na msimu ukiwa mbaya mnabaki mnatazamana.

Zile katoni zilizoisha muda usiziache zikazeeka hapo. Dawa mbovu haichomwi uwani, haizikwi shambani, wala haitupwi baharini, na wewe hilo unalijua. Inateketezwa kwenye tanuri linalofaa, chini ya usimamizi wa ZFDA, na mwenye mali anapewa hati. Gharama kubwa hapo ni gari, tanuri na kumfikisha msimamizi, na ni ile ile ikiwa una katoni tano au hamsini. Maduka kumi yakiandaa orodha zao, yakaomba siku moja na gari moja, kila mmoja atalipa kwa uzito wa mzigo wake na atapata hati yake mwenyewe. Hili ningelianza hata kabla ya kujiunga. Pita kwa wenzako wa Chake, Wete na Mkoani, uwaulize nani ana katoni kama zako. Sidhani kama utapata duka litakalosema halina.

Kusemewa serikalini ni neno ambalo kila jumuiya hulitanguliza, na wengi hawaelezi maana yake. Maana yake kwenu ni hii. Afya si jambo la Muungano. Bara wana Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ndiyo hiyo TMDA, ambayo mpaka 2019 ilikuwa ikiitwa TFDA. Sisi tuna ZFDA kwa sheria yetu ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2006. Dawa inayovuka mkondo wa Zanzibar inatoka mikononi mwa mamlaka moja na kuingia kwa nyengine, pamoja na karatasi zake zote. Tena mwaka 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua kule Arusha mpango wa kuoanisha taratibu za usajili wa dawa za nchi wanachama, na Zanzibar imo. Taratibu zikibadilika, mwenye duka mmoja huzijua siku mzigo wake unapozuiwa. Wakiwa na jumuiya, wasambazaji wanaweza kuomba rasimu waisome kabla haijapitishwa, wakaeleza kwa mifano ni karatasi ipi inachelewesha dawa bila ya kumlinda mgonjwa. Wanaweza pia kwenda kwa wakubwa wa bandari wakaomba dawa zishushwe mwanzo na ziwekwe kivulini. Ukienda wewe peke yako utaambiwa uje kesho.

Lakini kusemewa kusigeuzwe kuwa kinga. Akitokea mtu akakwambia kuwa mwanachama hakaguliwi sana, au kwamba leseni yake inapita kwa wepesi, achana naye. Mkaguzi anayekagua vizuri anakulinda wewe muuza dawa halali dhidi ya yule anayeuza vidonge kutoka kwenye begi. Jumuiya nzuri humkaribisha mkaguzi aje kuwafundisha washika stoo wake: dawa zipandishwe juu ya chaga zisikae sakafuni, inayokaribia kuisha muda itoke mwanzo, kipimajoto kiwepo pahala pa joto zaidi stooni na si karibu na kiyoyozi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kuhifadhi na kusambaza dawa mwaka 2020. Wewe unaweza kuusoma. Yule kijana wako anayepakua gari anahitaji mtu wa kumuonyesha kwa mikono na kwa Kiswahili, na mafunzo ya namna hiyo ni rahisi wakichangiana wengi.

Nakuja kwenye bei, na hapa nakuomba usome polepole, ikiwezekana msomee na Ami. "Tupange bei tusiuane" ni maneno matamu kwa kila mfanyabiashara aliyewahi kuuza kwa hasara. Nayaelewa. Hata hivyo ni sumu, na yana historia ndefu. Wauzaji wa dawa za jumla wa Marekani walianza chama chao mjini Indianapolis mwaka 1876. Ndicho ambacho tangu 2016 kinaitwa Healthcare Distribution Alliance. Katika miaka yake ya mwanzo chama kile kilishirikiana na vyama vya wenye viwanda na vya wenye maduka kushikilia bei zisishuke. Mwaka 1907 mahakama ya huko huko Indiana iliwaamuru wote waache. Chama hakikufa kwa kuacha bei. Kilibaki na kazi nyengine, na Marekani ilipopitisha sheria ya kufuatilia dawa kutoka kiwandani mpaka famasi, mwaka 2013, kwa muda wa utekelezaji uliofika miaka kumi, kilikuwa miongoni mwa waliowasaidia wasambazaji kuielewa na kujitayarisha. Kazi hiyo ndiyo iliyowafaa.

Nasi tuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara hapa Zanzibar, na wauzaji wanaokubaliana bei kwa siri ni watu wanaoihusu. Lakini niache sheria kando. Ukipandisha bei ya sabuni, mtu atafulia kidogo. Mwenye shinikizo la damu kule Micheweni hana pa kukimbilia, atakata kidonge nusu, na siku moja ataanguka. Mnaopanga bei mtakuwa mmekaa mezani na soda mbele yenu. Mkutano wowote utakaohudhuria, mazungumzo yakielekea kwenye bei ya kuuza au kwenye kugawana maeneo, huyu achukue Wete na yule achukue Mkoani, simama, sema hukubaliani, omba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na utoke. Usibaki kwa ajili ya chakula.

Kuagiza mzigo pamoja ni jambo jengine, na linaweza kufanyika kwa uwazi baada ya kuuliza wanaojua sheria. Punguzo lake, hata hivyo, msilipigie hesabu kubwa. Nimeona watu wakijiunga kwa ajili ya punguzo na kutoka mwaka wa pili, kwa sababu hawakuona thamani ya chengine chochote.

Ami ana haki katika mambo mawili, na mwambie hivyo kabla ya kumwambia mengine. Ana haki kuhofia siri za duka. Orodha ya wateja wenu, bei mnazonunulia, kiasi mlichonacho na mipango yenu ya kuongeza mzigo havimhusu mtu, na jumuiya yoyote inayokuomba hivyo ili uwe mwanachama inakuomba kisicho chake. Namba ya toleo la dawa mbovu ni tofauti. Hiyo ikifichwa, anayeumia hayumo kwenye ushindani wenu. Ana haki pia juu ya Pemba. Jumuiya ambayo mikutano yake yote ni Mjini, siku ya kazi, kwa nauli yako, imeshaamua wewe ni wa namna gani kwao. Ulizeni kama kuna nafasi ya Pemba katika kamati kuu, kama mikutano inazunguka, kama kura ni moja kwa kila mwanachama au mwenye mtaji mkubwa ana kura nyingi, na kama duka dogo linalipa ada sawa na muagizaji mwenye makontena.

La ushirika ulioliwa linajibiwa kwa karatasi. Ombeni cheti cha usajili, katiba, hesabu za mwaka uliopita zilizokaguliwa na mtu wa nje, na tarehe ya uchaguzi uliopita. Wenye kuficha hesabu huona uzito kuzitoa, hata wakiwa wacheshi kiasi gani. Kama jumuiya ni changa na haijafikisha mwaka, ombeni mjue ni watu wangapi wanatia saini benki. Wasipungue wawili, na wasiwe ndugu.

Sasa nyumbani. Usijiunge kwa siri, hata kwa fedha zako. Duka ni la Ami na jina lililoandikwa pale juu ni lake, na akisikia nje kuwa mmejiunga hutaweza tena kumshauri jambo jengine kwa miaka. Lakini nawe si mtoto aliyekaa kaunta kusubiri kutumwa. Wewe ndiye mfamasia msimamizi. Dawa mbovu ikitoka stoo ile, mamlaka yatauliza kwanza jina lako. Mwambie hivyo kwa adabu, wakati ametulia, baada ya sala ya alasiri labda, si mbele ya wateja wala mbele ya kijana wa stoo. Usianze na jumuiya. Anza na hasara ya sindano za mwaka jana, kwa tarakimu, ukiwa na ankara mkononi. Halafu katoni. Halafu mteja wa Wete. Muulize yeye angefanyaje, na umsubiri ajibu. Mzee aliyeshika duka miaka yote hiyo ana mengi ya kusema juu ya muuzaji aliyekataa kurudisha mzigo, na huenda akafika mwenyewe kule unakotaka kumfikisha.

Akikataa kulipa ada, muombe mhudhurie mkutano mmoja kama wageni, nyote wawili. Aende akawaone hao watu, awaulize yeye mwenyewe hesabu ziko wapi. Wazee wetu wanajua kumsoma mtu kuliko kusoma katiba, nawe unajua kusoma katiba. Mkiwa pamoja hamtadanganywa kwa wepesi. Mkiridhika, mwambie mnajiunga kwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka mtakaa na daftari: tahadhari ngapi zilitufikia kabla ya kumfikia mteja, katoni ngapi ziliteketezwa, ugomvi gani ulisuluhishwa, fedha ngapi zilitoka. Ikiwa hakuna kitu, tokeni, na hatakuwa na la kukulaumu kwa sababu mlihesabu pamoja.

Na ikiwa jumuiya hii haitafaa, lile la katoni bado mnaweza kulifanya nyinyi wa Pemba wenyewe. Andikeni barua moja kwenda ofisi ya ZFDA ya Pemba, mkaambatanisha orodha ya kila duka yenye jina la dawa, namba ya toleo, idadi na tarehe ya kuisha muda. Orodha yako iandike wiki hii, nakala moja ibaki kwa Ami.